Namna ya kuishi na CAH bila kuuchosha moyo

Dada yangu mkubwa na mimi tunashona nguo chumba kimoja, mashine zimetazamana. Kwa miaka mingi tuligombana karibu kila siku, na sababu hazikuwa na kichwa wala miguu: nani kahamisha mkasi, nani kaacha dirisha wazi. Hasira ilinipanda ghafla, mikono ikatetemeka, nikasema maneno makali, kisha nikalia na kujifungia ndani nikijiona mtu mwenye roho mbaya. Nyumbani walishakubaliana kwamba mimi ni mkali. Mama alikuwa akiwaambia wenzangu, "Mwacheni, ndivyo alivyoumbwa."

Nilipokuwa na miaka 23 nilianza kuandika saa za magomvi yale. Baada ya wiki tatu nikaona kitu ambacho sikukitarajia: mengi yalitokea kati ya saa saba na saa nane mchana. Kidonge changu cha pili nilikuwa nakimeza saa nane.

Nimezaliwa na CAH, kifupi cha jina la Kiingereza congenital adrenal hyperplasia, hali ya kurithi inayovuruga tezi za adrenali. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo iitwayo adrenali, na kazi yake mojawapo ni kutengeneza kotisoli, homoni inayousaidia mwili kuhimili ugonjwa, njaa na uchovu. Kwa takriban watu 95 kati ya kila 100 wenye CAH, kinachopungua ni kimeng'enya kimoja tu cha kutengenezea homoni hizo, 21-hidroksilesi, kwa sababu jeni ya CYP21A2 ina kasoro. Ubongo ukiona kotisoli haitoshi, unazidi kuzisukuma tezi zifanye kazi. Tezi zinavimba, na malighafi iliyokusudiwa kuwa kotisoli inaishia kuwa androjeni, zile homoni tunazozoea kuziita za kiume. Wengi wetu, nami nikiwemo, tunapungukiwa pia na aldosteroni, homoni inayozuia chumvi isipotee kwenye mkojo. Kwa hiyo kila siku nameza haidrokotisoni, inayoshika nafasi ya kotisoli, na fludrokotisoni, inayoshika nafasi ya aldosteroni, na nitazimeza maisha yangu yote.

Aina kali ya CAH humpata mtoto mmoja hivi kati ya kila 10,000 hadi 20,000 wanaozaliwa. Ndiyo maana unaweza kufika utu uzima hujawahi kukaa na mtu mwingine mwenye hali kama yako, na yote unayoyapitia ukayachukulia kuwa tabia yako. Hapo ndipo moyo unapochoka. Ninayoandika hapa ni yale yaliyonisaidia kutenganisha lipi ni la dawa, lipi ni la maisha, na lipi nilitwishwa na watu. Dozi yako ni ya wewe na daktari wako. Usiibadilishe kwa sababu ya maneno yangu.

Anza na daftari

Tafuta daftari dogo la kuingia mfukoni. Andika saa uliyomeza kila kidonge, yaani saa halisi, hata kama ulichelewa na unaona aibu. Andika ulilala saa ngapi ukaamka saa ngapi, na ulikula saa ngapi. Kisha mara tatu kwa siku andika hali ya moyo kwa neno moja. Maneno yangu ni manne: mwepesi, mzito, mkali, mtupu. Wewe chagua yako, ila yawe machache na yasibadilike, ili baadaye uweze kuyalinganisha. Mwanamke aongeze siku za hedhi. Endelea hivyo wiki nne kabla hujaanza kutafuta maana, kwa sababu siku moja mbaya haikuambii chochote.

Daftari linafaa kwa sababu ya namna dawa yenyewe inavyofanya kazi. Mwili usio na CAH hupandisha kotisoli alfajiri, kabla hujaamka, na kuishusha taratibu mpaka usiku wa manane. Haidrokotisoni haifuati mteremko huo. Inapanda haraka, kisha nusu yake inatoka damuni ndani ya saa moja na nusu hivi, ikiendelea kupungua mpaka kidonge kinachofuata. Tena sehemu ya ndani ya tezi hizo inahitaji kotisoli nyingi ili itengeneze adrenalini, kwa hiyo wengi wetu tunayo kidogo, na ndiyo inayosaidia kupandisha sukari mwilini unapokaa na njaa. Mimi nilikuwa nikikunywa chai tu asubuhi, nashona hadi mchana sijala, na kidonge cha asubuhi kimeshakwisha. Halafu nikiulizwa mkasi uko wapi, nawaka.

Daktari niliyempelekea daftari alikaa kimya akifunua kurasa, kisha akaniuliza swali moja: "Huwa unakula saa ngapi?" Akaisogeza dozi ya pili ikawa saa sita na nusu, akagawanya upya kiasi cha kila dozi bila kuongeza jumla ya siku, na akanitaka nile kitu saa nne asubuhi. Ndani ya mwezi mmoja neno "mkali" likawa adimu kwenye kurasa zangu.

Halikutoweka, na hapo ndipo daftari lilinifaa mara ya pili. Magomvi yaliyobaki yalikuwa hayafuati saa. Niliposoma kila tukio nikaona yanafanana kwa jambo lingine: kila mara dada alikuwa ameniamulia kitu. Alikuwa amekataa kazi ya usiku kwa niaba yangu, au amemweleza mteja kwamba mimi huwa naumwa. Hiyo haikuwa kotisoli. Lilikuwa jambo la kukaa naye chini na kulisema, na nililisema: "Dada, najua unanionea huruma, lakini niulize mimi kwanza." Kama nisingeandika, ningeendelea kuomba msamaha kwa magomvi ambayo haki ilikuwa yangu.

Kidonge si dawa ya huzuni

Hili nalisema kwa sababu lilinipoteza miezi mitano. Usiku wa kuamkia maziko ya bibi yetu nilimeza haidrokotisoni ya ziada. Niliambiwa tangu utotoni kwamba mwili ukiwa kwenye shida dozi huongezwa, nami nilikuwa kwenye shida. Nguvu zikaja, nikasimama siku nzima. Baada ya hapo kila siku iliyokuwa nzito niliongeza kidonge: siku ya kudai deni, siku ya kugombana na rafiki. Uso ukajaa, nguo zikanibana, nikawa nakodoa macho mpaka saa tisa usiku, na machozi yakawa karibu zaidi kuliko mwanzo. Kotisoli ikizidi kwa muda mrefu huharibu usingizi na hali ya moyo, huongeza uzito na kudhoofisha mifupa.

Mwongozo wa wataalamu wa homoni uliotolewa mwaka 2018 kuhusu CAH uko wazi: dozi haiongezwi kwa ajili ya msongo wa mawazo, mtihani au mazoezi ya kawaida ya mwili. Inaongezwa kwa homa, ajali, upasuaji na mengine ya namna hiyo, kwa mpango ulioandikwa na daktari wako. Kwa hiyo siku ya msiba, meza dozi yako ya kawaida kwa saa yake, kula hata kama huna hamu, na usikae peke yako. Huzuni itauma. Haimaanishi kwamba mwili umeishiwa dawa.

Upande wa pili ni hatari zaidi, nao ni kuacha. Wengi tumepitia, hasa kati ya miaka 13 na 19: unachoka kuwa wewe tu unayemeza vidonge, unavificha chini ya godoro, unaona siku mbili zimepita na hujafa, basi unaamini huna ugonjwa. Kuacha ghafla kunaweza kuua, na mafua au homa ya kuhara ndiyo huleta maafa yenyewe. Ewe mzazi, ukivikuta vidonge vimefichwa, kabla ya kuvihesabu muulize mtoto amechoshwa na nini. Mama alinifokea. Baba alikaa ukingoni mwa kitanda akaniuliza, "Ungepumzishwa jambo moja katika haya yote, ungechagua lipi?" Nikamwambia ni kuitwa kwa sauti mbele ya wageni nije nimeze dawa. Tukaweka kengele ya simu na kikopo mfukoni mwangu, na sikuficha tena.

Hofu ya kuzidiwa

Ukiwahi kuzidiwa mara moja, yaani mwili kuishiwa kotisoli mpaka ukaanguka, hofu hubaki. Unaogopa safari, unaogopa kulala ugenini, kila kichefuchefu unakiona ndicho chenyewe. Kwangu hofu hii haikupungua kwa kutulizwa kwa maneno. Ilipungua mikono yangu ilipojua la kufanya.

Muombe daktari akuandikie kwenye karatasi moja: homa ya kiwango gani uzidishe vidonge mara mbili, kiwango gani mara tatu, kwa siku ngapi. Ukitapika na vidonge havikai tumboni, au ukilegea na kuchanganyikiwa, ni sindano ya haidrokotisoni kwenye msuli wa paja kisha hospitali bila kusubiri; kwa mtu mzima kwa kawaida ni miligramu 100, kwa mtoto wa umri wa shule 50, kwa mdogo 25. Halafu fanyeni mazoezi. Mimi na dada tulikaa mezani na chungwa. Tulifungua kichupa kilichopita muda wake, tukachanganya unga na maji yake, tukavuta, tukachoma. Mara ya kwanza mikono yake ilitetemeka akamwaga nusu. Mara ya tano alifanya huku akiongea. Tangu siku hiyo nalala usingizi mzuri zaidi, naye ameacha kunichungulia usiku.

Mlango wa chumba cha daktari

Nilipokuwa na miaka 11 nililazwa kitandani kliniki ili daktari aangalie sehemu zangu za siri, kama ilivyokuwa kila mwaka. Siku hiyo waliingia na wanafunzi. Nilikataa kutazama nyuso zao, nikatazama chini ya pazia nikahesabu viatu: jozi saba. Hakuna aliyenitukana, hakuna aliyenicheka. Walizungumza juu yangu kwa upole, kama watu wanaosoma ramani. Kuanzia hapo kila kliniki ikikaribia tumbo liliniuma, na nyumbani walidhani ni ugonjwa.

Wataalamu waliokutana Chicago mwaka 2005 kujadili hali za namna hii, tamko lao likatoka 2006, walionya kwamba kuchunguzwa sehemu za siri mara kwa mara na kupigwa picha za kitabibu kunaweza kumwachia mtu aibu nzito. Kwa hiyo unapoomba kusitiriwa huombi upendeleo. Jua pia kwamba ufuatiliaji mwingi wa CAH unafanyika kwa vipimo vya damu, shinikizo la damu, urefu na uzito, na kwa mtoto picha ya eksirei ya mkono kuonyesha umri wa mifupa. Kuvua nguo zote si sehemu ya kila ziara.

Jifunze sentensi tatu, zifanyie mazoezi nyumbani kwa sauti. "Uchunguzi huu utabadilisha nini katika matibabu yangu leo?" "Naomba wanafunzi wasubiri nje." "Naomba tuishie hapo." Ya kwanza ndiyo yenye nguvu kuliko zote, kwa sababu mara nyingi jibu ni kwamba hautabadilisha kitu, na daktari mwenyewe anausikia ukweli huo akiutamka. Mzazi, mtoto asipoweza kuzisema, ziseme wewe, na umuulize kabla hamjatoka nyumbani kama anataka uwepo ndani au usubiri nje.

Kuna na faili. Nilipofika miaka 19 niliomba nakala ya faili langu, nikalisoma peke yangu usiku. Humo ndimo nilimojua kwamba nilizaliwa na sehemu za siri zisizo kama za wasichana wengine, kwa sababu ya androjeni zile zilizozidi, na kwamba nilifanyiwa upasuaji kabla sijatimiza miaka miwili. Asubuhi nilimuuliza mama kwa nini hakuniambia. Akasema, "Nilisubiri uulize." Nami nilikuwa nimesubiri kuambiwa. Tulilia wote wawili, na ilituchukua muda mrefu kuongea tena kama zamani. Ukiomba faili lako, na nakushauri uliombe, lisome mchana, pamoja na mtu unayemwamini, na uwe na miadi na daktari karibuni ya kuulizia usiyoyaelewa.

Mzazi usingoje swali. Mtoto wa miaka minne anatosheka na "mwili wako hautengenezi dawa fulani, ndiyo maana tunakupa." Akiwa na minane anaweza kujua jina la tezi na kuionyesha kwenye mchoro. Kabla ya kubalehe awe ameshaambiwa yote, pamoja na alivyozaliwa na alichofanyiwa, kutoka kinywani mwako. Mwambie pia kwamba hakuna aliyekosa. Baba na mama kila mmoja alibeba jeni moja yenye kasoro bila kujua, na katika kila mimba kulikuwa na nafasi moja kati ya nne. Mama yangu aliishi miaka ishirini akiamini ni kitu alichokula akiwa mjamzito.

Nani aambiwe, na aambiwe nini

Mtu anayeweza kuwa karibu nawe ukizidiwa anahitaji kujua jambo la kukuokoa, basi. Kazini na shuleni mimi husema: "Mwili wangu hautengenezi kotisoli. Nikitapika mfululizo au nikizimia, kuna sindano kwenye mkoba huu, nichome pajani kisha nipelekeni hospitali." Hakuna hata neno moja la androjeni hapo, wala la nilivyozaliwa. Miaka mingi nilinyamaza kwa kudhani kwamba nikifungua mlango kidogo nitalazimika kuufungua wote. Si kweli. Habari za kotisoli na sindano ni za kila mtu wa karibu. Habari za mwili wako ni za yule utakayemchagua.

Na huyo mchague kwa kumwangalia anavyopokea siri ndogo za wengine.

Mwili, mapenzi, watoto

Nywele za kidevuni, chunusi, kimo kifupi, sauti nzito: haya hutoka kwenye androjeni zilizozidi, na kimo ni kwa sababu mifupa hukomaa mapema ikafunga kabla ya wenzako. Dawa zikikaa sawa nywele hupungua, lakini polepole, kwa miezi, kwa hiyo usiache dawa kwa kukata tamaa wiki ya sita. Wakati huohuo nyoa, ng'oa, tumia leza ukiweza, bila kujiona unaficha uongo. Wasichana wengi wenye CAH hukua wakijijua kuwa wanawake, wachache hawajisikii hivyo, na wote wanastahili kusikilizwa kabla ya kuamuliwa.

Tendo la ndoa likiuma, usivumilie. Kuna madaktari wa wanawake wanaolijua jambo hili, na mara nyingi kuna la kufanya. Wanawake wengi wenye CAH hupata watoto, ingawa wengine huhitaji dawa zirekebishwe kwanza. Wanaume husahauliwa kabisa katika mazungumzo haya: tishu za adrenali zinaweza kuota ndani ya korodani, si saratani, lakini huweza kupunguza uwezo wa kuzaa. Kaka, omba kipimo cha ultrasaundi hata kama huna maumivu.

Huzuni ikikaa

Neno "mtupu" likijaza daftari langu siku kumi na nne, siliachi tena. Kwanza nampigia daktari wa homoni, kwa sababu uchovu usioisha, kizunguzungu ukisimama, hamu kubwa ya chumvi na ngozi kuwa nyeusi zaidi ni dalili kwamba dawa hazitoshi. Vipimo vikiwa sawa na utupu haujaondoka, basi huenda ni sonona, na sonona ina matibabu yake kwa mtu mwenye CAH kama kwa mwingine yeyote. Nilimwona mshauri nasaha kwa miezi minane. Ziara tatu za kwanza nilitumia kumweleza adrenali ni nini. Ya nne nilimweleza habari za zile jozi saba za viatu. Na yakikujia mawazo ya kujiua, mwambie mtu siku hiyohiyo, kwa maneno hayohayo bila kuyapamba, na uende penye msaada ukiwa naye.

Tafuta pia wenzako. Muulize daktari kama yupo mgonjwa mwingine anayekubali kuongea nawe. Mimi niliunganishwa hivyo na dada mmoja anayenizidi miaka tisa. Siku tuliyokutana tulikuwa bado tunaulizana habari za njiani simu yake ikalia. Akatoa kikopo kwenye mkoba bila kukatisha maneno, na mkono wangu ukaingia kwenye mkoba wangu wenyewe, kabla sijakumbuka kwamba kengele ile si yangu. Nikamwambia yangu bado nusu saa. Akanitazama, akasukuma sahani yake upande wangu.

"Basi kula kwanza, mdogo wangu."